Kuzima na Kuwasha Spula Si Matengenezo!

Jamani, leo naandika nikiwa na hasira. Asubuhi nimefika kazini hapa Nairobi na kukuta orodha ya mishahara ya wafanyakazi wote imelala kwenye printa ya mapokezi. Iliyoituma ni idara ya fedha, jana jioni. Printa ikagoma, wakaenda zao nyumbani. Leo fundi wetu akaja, akaandika net stop spooler, kisha net start spooler, akaenda kunywa chai. Spula ikaamka na kuendelea pale ilipoachia.

Na ndivyo ilivyoundwa! Kazi za kuchapisha huhifadhiwa kwenye diski, katika folda ya System32\spool\PRINTERS, na hubaki humo hata ukizima huduma. Ukitaka foleni iwe tupu, zima spula, futa mafaili ya SPL na SHD, ndipo uwashe. Hiyo hatua ya katikati ndiyo kazi yenyewe, bwana fundi.

Lakini hilo ni dogo. Nilimuuliza ni seva zipi nyingine zina spula inayofanya kazi. Zote! Hata ile ya Active Directory, inayoshika akaunti zetu sote na ambayo haijawahi kuchapisha karatasi hata moja. Windows huja nayo ikiwa imewashwa, naye akaiacha hivyo. Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka wa 2010, ilitumia tundu la spula kusambaa. Mwaka wa 2021 ikaja PrintNightmare: mwenye akaunti ya kawaida tu aliweza kupachika draiva yake ya hila na kuitwaa mashine nzima, kwa sababu spula huendeshwa kwa mamlaka ya SYSTEM. Microsoft wakatoa kiraka cha dharura Julai mwaka huo. (Wenzangu wa Linux, msicheke. Septemba 2024 ilikuwa zamu ya CUPS.)

Nimependekeza tubaki na seva moja ya kuchapisha, kwingine kote spula izimwe. Ni kazi ya dakika chache kwa Group Policy. Jibu lake? "Imekuwa hivi miaka yote na hakuna kilichotokea." Hakuna kilichotokea unachokijua wewe!

Barua pepe yangu kwa mkubwa wake nimeshaituma. Dada wa mapokezi naye sasa anajua mshahara wangu, na ameanza kuniuliza nitamnunulia chakula cha mchana lini.