Fedha za utafiti wa afya: jopo lichuje, kura iamue

Mwaka 2012 watafiti wa Australia walipeleka maandiko 3,727 kwa baraza la taifa lao la utafiti wa afya na tiba, kila mmoja akiomba ruzuku. Wachambuzi waliokokotoa muda uliotumika kuyaandaa walikadiria kwamba ulifikia miaka 550 ya kazi. Andiko jipya moja lilichukua wastani wa siku 38 za kazi. Matokeo yalipotoka, takriban ombi moja kati ya matano ndilo lililopata fedha.

Utaratibu wenyewe unafanana karibu kila nchi. Serikali hutenga fungu, baraza hutangaza, watafiti huandika, wataalamu wa fani husoma na kutoa alama. Jopo hukaa, maandiko yakapangwa kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kisha mstari ukachorwa pale fedha zinapoishia. Aliye juu ya mstari anapata. Aliye chini yake, hata kwa nukta moja, ajaribu tena mwakani.

Sina ugomvi na wataalamu kupitia kazi za wenzao. Fedha ni za mlipakodi, na anayejua ukuta uliopinda ni mwashi. Jopo la madaktari, wanatakwimu na wataalamu wa vimelea litamtambua upesi mwombaji asiyejua anachotafuta, au anayetaka kuwapa wagonjwa dawa bila kinga ya kutosha. Ugomvi wangu ni na ule mstari.

Mwaka 2011 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa maombi 2,705 yaliyoshindania fedha za baraza hilohilo la Australia mwaka 2009. Wachambuzi walizichukua alama za wajumbe wa majopo, wakapima jinsi matokeo yangebadilika kutokana na tofauti za kawaida kati ya mjumbe na mjumbe. Asilimia 9 ya maombi yangepata fedha kila mara. Asilimia 61 yangekosa kila mara. Yaliyobaki, takriban asilimia 29, yangepata leo na kukosa kesho. Na katika yale yaliyofadhiliwa kweli, asilimia 59 yangeweza kukosa kwa sababu tu ya nani alikuwa mezani siku ile.

Maana yake ni kwamba jopo lina jicho zuri la kutenga pumba na mchele, lakini halina mizani ya kupima punje kwa punje. Katika lile kundi la kati, bahati imekwisha kuingia ukumbini. Tofauti ni kwamba imevaa joho la alama zenye desimali, na anayekosa huamini kazi yake ilikuwa dhaifu.

New Zealand iliamua kuivua joho hilo. Tangu mwaka 2013 Baraza lake la Utafiti wa Afya limekuwa na ruzuku ndogo za mawazo mapya, zisizozidi dola 150,000 za nchi hiyo. Maombi ni mafupi na hayana jina la mwombaji. Wajumbe hujibu swali moja tu: wazo hili ni jipya kweli na linatekelezeka? Yanayopita mchujo huo huingizwa kwenye kura ya bahati. Waombaji wa ruzuku hizo walipohojiwa, asilimia 63 ya waliojibu waliukubali utaratibu huo.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushtuka. Kabla kura haijawa karatasi ya uchaguzi, ilikuwa njia ya kumpata mmoja kati ya wenye haki sawa. Wanawake wa upatu huitumia hadi leo: kwanza wanahakikisha kila aliyeingia anaaminika, kisha kura inaamua nani aanze kupokea. Hakuna anayeiita kamari.

Pingamizi zipo, na baadhi zina uzito. Jaribio la chanjo linalohitaji hospitali kadhaa na maelfu ya washiriki haliwezi kuachiwa kura. Hapo uwezo wa taasisi na vipaumbele vya taifa lazima vijadiliwe. Tena kura haiponyi mchujo wenye upendeleo. Mwaka huohuo wa 2011, utafiti katika jarida la Science ulionyesha kwamba waombaji Weusi wa fedha za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walikuwa nyuma ya wenzao Weupe kwa pointi 10 hivi za asilimia katika uwezekano wa kufadhiliwa, hata baada ya elimu na machapisho yao kuzingatiwa. Waliokwisha kutupwa nje ya mchujo hawatafikiwa na kura. Ndiyo maana kuficha majina ni sehemu ya dawa, ingawa si dawa yote.

Kwetu Afrika Mashariki hoja inazidi kuwa kali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 iliahidi Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Kilichofika hakijakaribia hapo. Tanzania ina mfuko wake chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), nao unagombewa na sekta zote, afya ikiwa mojawapo. Fungu linapokuwa dogo, mstari hupanda juu zaidi, na walio chini yake wanakuwa watu wenye maandiko mazuri kabisa. Wataalamu nao ni wachache: anayesoma ombi huenda alimfundisha aliyeliandika, au wanagombania maabara moja. Hata jopo likitenda haki, minong'ono haiishi. Kura haina mjomba.

Basi mifuko yetu ianze na ruzuku ndogo. Ombi liwe la kurasa chache. Jopo ligawe maandiko mafungu matatu: bora bila ubishi, yasiyofaa, na yanayofaa. La kwanza lipewe, la pili lirudishwe na maelezo, la tatu lipigiwe kura hadharani na orodha yake itangazwe. Fedha hazitaongezeka kwa njia hii; hilo ni deni la hazina. Lakini daktari kijana wa wilayani atakayekosa ataandikiwa barua ya kweli: kazi yako inafaa, fedha zimekwisha, kura haikukuangukia. Mwenye barua hiyo ana sababu ya kuomba tena.