Gitaa la Sahihi Laweza Lisiwe Sahihi

Neno "sahihi" lina maana mbili katika Kiswahili, na zote mbili zinatuhusu leo. Ya kwanza ni kile kilicho kweli, kisicho na kosa. Ya pili ni jina ambalo mtu huliandika kwa mkono wake chini ya waraka, ambalo siku hizi wengi huliita saini. Tulilipokea neno moja kutoka Kiarabu, kisha tukalitwika mizigo miwili. Sijaona mahali ambapo mizigo hiyo hugongana kama katika biashara ya magitaa ya umeme.

Gitaa lenye sahihi ni lile ambalo kiwanda hulitoa kwa jina la mpigaji mashuhuri. Mfano mkongwe unaojulikana zaidi ni wa mwaka 1952, pale kampuni ya Gibson ya Marekani ilipoandika jina la Les Paul juu ya gitaa lake la umeme. Tangu hapo mtindo huo umeenea. Mwaka 1987 Ibanez walitoa la Steve Vai. Mwaka 1988 Fender wakatoa la Eric Clapton na la Yngwie Malmsteen. Kijana wa kidato cha nne kutoka Ikonge, katika kaunti ya Nyamira, aliniuliza majuzi ni lipi kati ya hayo angefaa kuliwekea akiba. Swali lake lilikuwa la heshima na lastahili jibu la heshima, ingawa mimi ni mtu wa isimu na si fundi wa ala.

Jibu langu ni kwamba jina lililo kichwani mwa gitaa halimwambii mnunuzi jambo analolihitaji zaidi, yaani umbo la shingo. Shingo ndiyo sehemu ambayo kiganja hukaa nayo tangu wimbo uanze hadi uishe. Mwili wa gitaa waweza kupakwa rangi ya dhahabu, lakini hauugusi mkono wa kushoto hata kidogo.

Tuyatazame hayo magitaa yenyewe. Les Paul la mwaka 1958 lilikuwa na shingo nene iliyojaa kiganjani. Miaka miwili tu baadaye, jina likiwa lile lile, shingo ilikuwa imekondeshwa ikawa nyembamba na bapa. Basi mtu akisema anataka "Les Paul", anataka lipi? Lile la Clapton lina shingo ambayo mgongo wake umechongwa kama herufi V iliyolainishwa ncha, umbo linalowafaa wapigaji ambao kidole gumba chao hupanda na kuchungulia juu ya shingo. Lile la Malmsteen ni la ajabu zaidi: mbao iliyo kati ya freti na freti imekombwa ikawa mabonde madogo, hata kidole hubonyeza uzi pasipo kugusa mbao. Mwanafunzi mwenye mkono mzito akilishika hilo, kila sauti itatoka imepanda kupita kiasi, naye atadhani masikio yake ndiyo mabovu.

Simaanishi kwamba magitaa hayo ni ulaghai. La hasha! Ni kumbukumbu ya kweli ya mkono mmoja. Kosa ni la sisi tunaodhani kwamba kumbukumbu ya mkono wa mtu ni kipimo cha mikono yote.

Abagusii wana ala yao, obokano, zeze kubwa la nyuzi nane ambalo sauti yake nzito hutetema kifuani mwa msikilizaji. (Wanafunzi wa isimu watambue kiambishi obo-, kile kile cha obokima, ambacho kwetu ni ugali, ni ndugu wa u- ya Kiswahili.) Obokano haina shingo. Ina mikono miwili inayotoka kwenye mwili uliowambwa ngozi, na kijiti kilicholazwa juu kushikilia nyuzi. Kila uzi una sauti yake moja, wala hakuna mahali pa kuubonyeza ili uifupishe. Kijana aliyelelewa akiitazama ala hiyo anapohamia gitaa, hakosi muziki. Anachokosa ni mazoea ya kushika shingo. Hilo ni jambo la mwili, si la kipawa, na mwalimu asilichanganye na uzito wa akili.

Wapigaji wetu wa gitaa kavu hawakungoja sahihi ya mtu. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliujengea mtindo wa omutibo jina huko Magharibi mwa Kenya, na chupa ya Fanta ikigongwa kando yake badala ya ngoma. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, mwaka ule ule wa Les Paul, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu mambo ambayo wenye vidole vyote kumi wangali wanahangaika kuyaiga. Sidhani kama yuko aliyewahi kuuliza gitaa la Bosco lilikuwa la nani.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapo ndipo shida ya darasani inapoanzia. Wazungu huzitaja shingo kwa herufi: C, D, U, V. Herufi hizo huonyesha umbo la mgongo wa shingo iwapo ingekatwa kama muwa. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili anaweza kuzitumia, lakini tunayo maneno yanayosema zaidi. V ni shingo ya mkuku, kama ule wa chombo cha baharini. C ni shingo ya nusu duara. U, iliyo nene na yenye mabega, ningeiita shingo ya mchi. D, ambayo mgongo wake umebapa, iitwe shingo bapa. Anayeyaona mabaya alete yake. Lugha haikui kwa kunyamaza.

Upo pia uvumi kwamba mkono mdogo sharti upewe shingo nyembamba. Si kweli kila mara. Shingo nyembamba mno humfanya mwanafunzi abane kidole gumba kwa nguvu, na baada ya nusu saa maumivu hushika shina la kidole hicho. Upana nao ni jambo jingine: gitaa la umeme kwa kawaida huwa na karibu milimita 42 pale nyuzi zinapoingia shingoni, ilhali lile la nyuzi za nailoni huwa na karibu milimita 52. Mwalimu ampe mtoto gitaa alishike, aweke gumba katikati ya mgongo wa shingo, kisha anyooshe kidole cha kwanza hadi cha nne kwenye freti nne za mwanzo bila kubonyeza. Akikunja kifundo cha mkono ili afike, shingo hiyo si yake. Tena atazame nyuzi zimepanda kiasi gani juu ya mbao, kwa sababu nyuzi zilizoinuka mno huwafukuza wanafunzi wengi kuliko umbo lolote la shingo.

Wazazi wa Ikonge ni wakulima, nao wanajua kwamba mpini wa jembe haununuliwi kwa jina la mkulima mashuhuri. Huchongwa, ukashikwa, ukachongwa tena hadi kiganja kikubali. Shule yenye fedha kidogo ingenunua magitaa ya kawaida yasiyo na jina la mtu, kisha imwite seremala mwenye msasa na subira. Apunguze mabega ya shingo kidogo kidogo, akikumbuka kwamba ndani ya shingo nyingi mmepita fimbo ya chuma ambayo hapaswi kuifikia, halafu apake vanishi upya ili jasho na unyevu wa milimani visiingie kwenye mbao. Mwanafunzi mwenyewe awepo wakati huo, mkono wake ukipimwa kila baada ya mapigo machache ya msasa.