Je, Ukali wa Mbwa ni wa Mbegu?

Na Mwalimu wa Fiqhi



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, katika kikao cha wazazi cha mwaka huu mzee mmoja alisimama akaomba madrasa iandike barua kwa serikali ya mtaa, ili mbwa wa mbegu za kizungu wanaofugwa kwenye nyumba za mageti wapigwe marufuku. Aliwataja mmoja mmoja: jemani shepadi, ambaye wengi wetu tunamwita mbwa wa polisi, kisha rotwaila na pitibuli. "Hawa, Maalim, wamezaliwa na ukali wao. Si kama koko wetu hawa wa Ngamiani." Wengi waliitikia. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa mzee ni mkubwa kwangu na Isha ilikuwa imeshaadhiniwa. Leo naomba nimjibu kwa kalamu.

Hofu yake naielewa. Watoto wetu hutoka chuoni giza limeingia, na lile jitu likilirukia geti kwa ndani hata mimi hukunja kanzu.

Tena rai yake si ngeni duniani. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1991 kuzuia mbegu nne, pitibuli akiwemo, na mwishoni mwa 2023 ikaongeza ya tano. Uholanzi nayo ilizuia pitibuli mwaka 1993, lakini mwaka 2008 ikaifuta sheria hiyo baada ya kuona kuwa watu wanaoumwa hawakupungua. Kisha mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitoa utafiti uliohusu mbwa zaidi ya 18,000, wakakuta kuwa mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti ya tabia baina ya mbwa na mbwa. Sisemi kuwa mbwa wote ni sawa. Taya za rotwaila si taya za koko, na wakiuma wote wawili mmoja atakuachia alama na mwingine atakuvunja mfupa. Lakini nguvu ya kuumiza ni jambo moja, na hamu ya kuuma ni jambo jingine.

Na sisi tunayo elimu yetu juu ya hili. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, na mmoja wao ni mbwa. Lakini hakusema mbwa tu. Amesema *al-kalbul-aquur*, yaani yule mwenye kuuma. Ametambulishwa kwa kitendo chake.

Najua wanafunzi wa darasa la juu watainua mikono: "Na mbwa mweusi, Ustadh?" Ni kweli, ipo amri iliyomhusu mbwa mweusi tititi. Lakini Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amemnukuu Imamul-Haramayn kuwa sheria ilikuja kutulia juu ya katazo la kuua mbwa yeyote asiye na madhara, mweusi na asiyekuwa mweusi. Basi wale vijana wanaomfukuza kwa mawe kila mbwa mweusi wa Barabara ya 12 wakidai wanafuata Sunna, waje darasani tusome vizuri.

Nawawi huyo huyo, katika Minhaj, anamzungumzia paka anayeharibu ndege au chakula cha watu: ikiwa inajulikana kuwa ndiyo tabia yake, mwenye paka atalipa. Tazameni, hata paka! Hakuulizwa ni paka wa Ajemi au wa jalalani. Kimeulizwa kinachojulikana juu yake, na dhima imewekwa kwa mwenyewe. Kwa hiyo anayefuga mbwa wa kulinda, akamfunga mnyororo mchana kutwa, akamchokoza ili awe mkali, kisha usiku akaliacha geti wazi, huyo ndiye wa kuandikiwa barua.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja, binti wa miaka minane, aliumwa mguuni. Hakuumwa na mbwa wa geti. Kilimuuma kitoto cha koko, chembamba, cha jirani, ambacho watoto walikuwa wakikichezea kila siku. Nyumbani wakamwosha mara saba, moja kwa mchanga, wakaona wamemaliza. Mimi nilipata habari siku ya tatu, alipochelewa darasani akichechemea. Kitoto kile cha mbwa kilikuwa kimeshakufa.

Ndugu zangu, kuosha mara saba ni hukumu ya twahara, na ni ibada. Kidonda si sufuria. Msisugue mchanga kwenye jeraha! Oshani kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Suala la twahara mtatuuliza baadaye, na dini haimkalifishi mtu kujidhuru. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa ugonjwa huu uliua watu kama 1,500 kwa mwaka hapa Tanzania, na duniani karibu nne katika kila kumi wanaokufa kwa ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Baba yake binti alikopa, sindano zikakamilika, na leo yuko juzuu ya Tabaraka, alhamdulillah.

Ugonjwa huo hauchagui mbegu. Tena jemani shepadi wa geti mara nyingi amechanjwa, kwa kuwa mwenyewe ana pesa, na koko wetu hana wa kumpeleka. Pemba, ng'ambo ya bahari tu hapa, wenzetu walichanja mbwa kwa wingi mpaka kichaa kikatoweka mwaka 2014. Kikarudi 2016, wakachanja tena, na kufikia 2018 kikaondoka. Kinachotakiwa ni kufikia mbwa 70 katika kila 100.

Kwa hiyo, mzee wangu, barua tuiandike, nami nitaishika kalamu kwa heshima yako. Ila nitaomba tuyaondoe majina ya mbegu. Tuwataje wenye nyumba ambao mbwa wao wameshauma na bado geti haifungwi, na tuiombe serikali ya mtaa ilete wachanjaji mpaka kwenye barabara zetu. Siku wakija, watoto wa madrasa watapita nyumba kwa nyumba kutangaza, na mimi nitakuwa nao.