Baridi ya Kukodi ni ya Nani?

Kila Septemba ikiingia, simu za kamati huanza kulia. Ligi ya vijana huku, mbio za farasi kule, bonanza la familia pwani ya Batina, na kila mwenye shughuli anatafuta hema, makochi na viyoyozi vya kukodi kwa ajili ya wageni wake. Sina ugomvi na hilo. Mgeni kwetu huheshimiwa, na kumkalisha mzee wa miaka sabini juani halafu ukamtilia kahawa ya moto ni kumuadhibu. Lakini ile baridi tunayoilipia kwa siku moja tunaikodi vibaya, na tukishaipata tunaigawa vibaya zaidi.

Nianze na kukodi, maana hapo ndipo michango ya watu inapopotea. Mwenye viyoyozi akikupa bei kwa kuuliza ukubwa wa hema tu, asikuulize wageni ni wangapi, milango mingapi, jua linapiga upande gani na chakula kitapashwa ndani au nje, basi hajapiga hesabu. Nguvu ya kiyoyozi hupimwa kwa tani. Cha chumbani kwako ni tani moja na nusu au mbili. Mtu aliyekaa kitako hutoa joto la kama wati 100. Wageni 200 ni wati 20,000, yaani karibu tani sita kwa miili yao peke yake. Bado hujahesabu jua linalopenya turubai, taa, masinia ya biriani, na ule mlango usiofungwa kwa kuwa kila mtu anataka kusimama amsalimie sheikh anayeingia. Hema kama hilo linataka mara kadhaa ya hizo tani sita, na linataka viyoyozi viwashwe saa mbili au tatu kabla, mazulia na viti navyo vipoe. Ukiwasha mgeni wa kwanza akishafika, umeshachelewa.

Halafu kuna wale wanaokwepa gharama kwa kuleta zile feni kubwa za maji. Feni za maji ni nzuri Nizwa na Riyadh, kwenye hewa kavu, kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto. Seeb, Barka au Dubai wakati wa fukuto hayakauki. Hewa imeshajaa unyevu, nawe unazidi kuitia maji. Jasho linakutiririka tu mwilini wala halikupozi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Unguja wanaojiandaa kwa AFCON 2027 nao waliweke akilini hilo, pwani ni pwani.

Jenereta nalo. Kompresa ikiwaka huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshachanganya, na jenereta iliyokodiwa kwa kubana hesabu huzimika hapo hapo, wageni wakiwa wameshakaa. Kamati yenye akili huweka la pili pembeni. Nyaya zipite mahali ambapo watoto hawakimbii, na turubai liwe la aina isiyoshika moto haraka. Baada ya moto wa Mina wa mwaka 1997 mahema ya mahujaji yalibadilishwa kwa sababu hiyo. Sisi bado tunafunga nyaya kwa utepe juu ya zulia.

Hayo ni ya pesa. Lililonifanya nikae niandike ni jengine.

Kiyoyozi hakiumbi baridi. Kinachukua joto la ndani na kulitupa nje, pamoja na joto la mashine yenyewe. Kwa hiyo kila hema la wageni lina mgongo wake, na mgongoni mwa hema pana upepo wa moto. Nani anakaa pale? Katika mashindano fulani ya vijana niliyohudhuria, ambayo sitayataja jina, pale ndipo palipowekwa benchi la wachezaji wa akiba, na wahudumu walikuwa wanaoshea vikombe hapo hapo. Nilimwambia mmoja wa wanakamati, "Ami, hawa watoto wanapigwa na moshi wa mashine." Akanijibu kwa upole kabisa, "Hao wamezoea."

Haikufika mapumziko, mtoto wa miaka kumi na tatu akatapika, kisha akawa anajibu maneno yasiyoeleweka. Mama yake alimbeba mpaka mlango wa hema. Mlinzi wa mlangoni, naye kijana wa watu anatoka jasho, akauliza kadi ya mwaliko. Wallahi aliuliza kadi. Bi mkubwa mmoja ndani ndiye aliyeinuka, akampisha mtoto kwenye kochi, wakammwagia maji na kumpepea huku gari la wagonjwa likiitwa. Alipona, alhamdulillahi. Mtu aliyeshikwa na joto akianza kuchanganyikiwa, kila dakika ya kumpoza ina thamani, na sisi dakika hizo tulizitumia kujadiliana mlangoni.

Msije mkasema hayo ni ya mashindano madogo. Doha, Septemba 2019, mashindano ya riadha ya dunia: Uwanja wa Khalifa ulikuwa unapozwa, wakimbiaji na watazamaji wote wamestarehe. Marathoni ya wanawake ilikimbiwa nje, Corniche, ikaanza dakika moja kabla ya saa sita usiku kulikwepa jua. Joto lilikuwa bado zaidi ya nyuzi 30 na unyevu mwingi. Walianza 68, na 28 hawakumaliza. Aliyeshinda alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich. Kombe la Dunia la Qatar la miaka mitatu baadaye lilikuwa limehamishiwa Novemba na Desemba, ijapokuwa viwanja saba kati ya vinane vilikuwa na mitambo ya kupoza. Wenye pesa zote zile walikubali kwamba mashine ina mpaka wake.

Na sheria haitatusaidia hapa. Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, lakini kwa Juni mpaka Agosti. Mahema yetu yanasimamishwa Septemba, mchana, na vijana wa Bangladesh na India ambao hatuwajui hata majina. Katazo limekwisha, jua halijui kwamba limekwisha.

Ninachokitaka kwa kamati ni kidogo. Katika mkataba wa kukodi liandikwe hema la pili, dogo, lenye kiyoyozi chake, maji baridi na barafu, kwa wachezaji, waamuzi na wafanyakazi, na mlango wake usiwe na kadi. Migongo ya mashine ielekezwe pasipokaa mtu. Vijana wasichezeshwe kabla ya alasiri kuingia. Gharama ikizidi, pungueni makochi ya dhahabu na zile taa za kuning'inia, hakuna mgeni atakayeuliza zimekwenda wapi. Na nyinyi wazazi mnaochangishwa sasa hivi kwenye makundi ya WhatsApp, muulizeni mweka hazina bei ya hema hilo la pili kabla hajalipa arubuni ya la kwanza.