MAONI YETU: WASICHANA WAPEWE UWANJA, SODA WATANUNUA WENYEWE



Jumamosi tarehe 27 Agosti 2022, pale Chamazi, Dar es Salaam, Simba Queens walicheza fainali ya klabu bingwa ya wanawake ya CECAFA dhidi ya SHE Corporates wa Uganda. Mashindano yalianza na timu nane. Siku ya fainali bao lilikuwa moja tu, la penalti, mfungaji Corazone Aquino, binti wa Kenya, na kombe likabaki nyumbani. Ushindi huo ndio uliowapeleka Morocco kwenye mashindano ya Afrika nzima, wakamaliza wa nne. Mwaka 2023 fainali ya namna hiyo hiyo ilichezwa Uganda, na safari hiyo JKT Queens waliwatoa CBE wa Ethiopia kwa mikwaju ya penalti. Miaka miwili, makombe mawili.

Sasa tunyooshe jambo moja, maana ubishi wake umekuwa mrefu pale kwenye mizani. Ligi Kuu ya Wanawake siyo kombe, haina mechi moja ya fainali. Bingwa ni mwenye pointi nyingi. Ligi hiyo ilianza msimu wa 2016/17 kwa timu 12 katika makundi mawili, zikachujwa mpaka zikabaki sita za kupigania ubingwa. Na bingwa wa kwanza wa Tanzania hakuwa Simba wala Yanga. Alikuwa Mlandizi Queens.

Jamani, Mlandizi mnaijua. Anayetoka huku kwenda Dar kwa basi anaipita baada ya Chalinze, mji mdogo wa barabarani, wengine wanaupita wamelala. Wasichana wenye jina la mji huo walichukua ubingwa wa nchi mwaka 2017. Jirani zetu wa Iringa nao walikuwamo tangu ligi hiyo ya kwanza na timu yao ya Panama, na baadaye wakaja Ceasiaa Queens. Iringa siyo mbali. Mpunga wetu mwingi unatokea Mafinga ukielekea huko huko.

Lakini tuseme ukweli wote. Baada ya ule mwaka mmoja, kombe halikurudi Mlandizi tena. Kuanzia 2018 mpaka 2025 JKT Queens na Simba Queens wamekuwa wakipokezana tu. Kwani wasichana wa Mlandizi walisahau mpira? Sisi hatuamini hivyo. JKT ni jeshi, na Simba ni klabu kubwa yenye wafadhili. Mchezaji wa huko ana uhakika wa mazoezi kesho na keshokutwa. Mkulima wa Madibira hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua mtu aliyevuna vizuri msimu mmoja, akauza gunia zote, akafika wakati wa kitalu hana mbegu.

Tukirudi hapa kwetu, mambo yenyewe yakoje? Uwanja ni mmoja. Kila jioni ni wa vijana wa kiume, na wakati wa mavuno ni wa maturubai ya mpunga. Siku ya bonanza wanaume wanashindania mbuzi. Wasichana wanaitwa kucheza mechi ya utangulizi, dakika kumi na tano kila kipindi, wengine peku, watu wanacheka, kisha wanapewa soda na kuambiwa asanteni sana. Hawaitwi tena mpaka bonanza lingine. Halafu mtu anasimama na kusema eti wasichana wetu hawajui mpira!

Wapo wanaosema mpira utawachosha mabinti. Hoja hii tunaomba isiletwe tena. Wanaoinama kwenye majaruba tangu alfajiri kupandikiza, maji yakiwa magotini, ni akina nani? Na gunia likishashonwa, nani anapepeta yale ya kula nyumbani, na usiku umeshaingia? Hapo hakuna aliyewahi kuuliza habari ya kuchoka.

Hoja ya wazazi ina uzito zaidi, nasi tunaiheshimu. Wanasema binti atachelewa kurudi giza likiingia, na wakati wa kwelea kwelea shamba ataliamia nani. Ni kweli, ndege hawangoji filimbi ya refa. Ndiyo maana hatuombi jioni zote. Tunaomba Jumanne na Ijumaa, saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro robo, na wakati wa kuamia ndege ibaki Ijumaa peke yake. Awepo mama mmoja mtu mzima uwanjani kila siku ya mazoezi, na mabinti warudi kwa makundi, kitongoji kwa kitongoji.

Kuhusu fedha, hatupendekezi makato mapya kwa gunia. Yaliyopo yanatosha kulalamikiwa. Tunapendekeza bonanza lijalo mbuzi asinunuliwe. Fedha ya mbuzi inunue mipira, mmoja wa wasichana na mmoja wa wavulana, na kinachobaki kiwe cha nyavu. Wavulana watanuna, tunajua. Wataonja nyama siku nyingine.

Jambo hili tumeiomba kamati iliingize katika mengineyo ya mkutano mkuu ujao wa wanachama. Akina mama mlio wanachama, tafadhali njoni wenyewe, msiwatume waume zenu kuwasemea, maana kura ya mwanachama ni ya mwanachama. Na kila mwenye binti anayetaka kucheza aandikishe jina lake kwa karani wa ghala kabla ya siku hiyo, ili mkutano uone idadi. Asiyekubaliana nasi aandike hoja yake kwenye karatasi, nayo tutaibandika hapa hapa ukutani, karibu na hii yetu.