Tusisome Vidole, Tupime Damu

Mistari ya vidole vya mtoto hujichora angali tumboni mwa mama. Wataalamu wamelinganisha mistari ya watoto wenye saratani ya damu na ya watoto wenye afya, lakini mpaka leo ugonjwa huu hautambuliwi kwa kutazama vidole. Tusipoteze siku kukagua viganja. Sisi wa Mbalibali kila homa huiita malaria. Mtoto akimaliza dawa na homa ikarudi, akapauka, akatokwa damu kwenye fizi au akalia mifupa inamwuma, tumwahishe hospitali apimwe damu. Rufaa ikitolewa kwenda Bugando, Mwanza, twende: huko watoto wenye saratani hutibiwa. Ugonjwa huu huweza kupona, lakini hausubiri tumalize kubahatisha.