Jino Lililong'oka Lisitupwe

Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulidharau. Mtoto wa Nzilo au wa Kolwezi huanguka kwa baiskeli, au hugongana na mwenzake katika mpira, na jino la mbele hutoka pamoja na mzizi wake. Wakubwa humfuta damu na kumtuliza. Jino lenyewe hutupwa. Kumbe lingaliweza kurudishwa mahali pake, kama wangalijua kulitunza.

Tutazame kwanza jinsi jino linavyokaa. Mzizi wake haukugandamana na mfupa wa taya. Katikati yao mna nyuzi nyembamba zinazoushikilia, na mzizi wenyewe umefunikwa na tabaka gumu jembamba, ambalo wataalamu huliita sementi. Kati ya nyuzi hizo na juu ya sementi mna chembe hai, nazo ndizo walinzi wa mzizi.

Je, walinzi ni wa nini? Mifupa yetu haikai daima kama ilivyo. Siku zote za maisha, chembe fulani huila mifupa iliyochakaa, na nyingine hujenga mipya. Chembe hizo zinazokula hujishikiza kwanza juu ya mfupa, kisha humwaga asidi na kuuyeyusha. Mahali pa kujishikiza ni protini zilizomo katika mfupa, kama vile osteopontini na sialoproteini ya mfupa. Lakini protini hizo zimo pia katika sementi ya jino. Basi mzizi una vishikio vilevile vya mfupa. Ila maadamu walinzi wako hai, walaji hawavifikii.

Wala walaji hao si adui zetu. Ndio wanaokula mizizi ya meno ya utoto, hata mtoto wa miaka 6 au 7 ayatoe bila taabu na kupata mapya. Wenyeji wa Nzilo wataelewa upesi kwa mfano wa bwawa lao, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukuta ukiwa mzima, maji ya Lualaba hutoa umeme. Ukuta ukibomoka, maji yayo hayo yangeangamiza.

Jino likiachwa kavu, walinzi hufa mmoja mmoja, na baada ya dakika 60 hivi wengi wao wamekwisha. Jino la namna hii likirudishwa, walaji huushika mzizi, na wajenzi hutia mfupa mahali palipoliwa. Jino hugandamana na taya. Kwa mtoto anayekua, taya huendelea kukua, nalo jino hubaki nyuma ya wenzake. Mwishoni mzizi huisha, na jino hupotea.

Kwa hiyo yafaa kila mzazi na kila mwalimu ayajue haya. Lishike jino kwa upande wa kutafunia, wala usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo kwa maziwa au kwa mate ya mtoto mwenyewe. Usilisugue hata kidogo. Lirudishe papo hapo katika tundu lake, na mtoto aume kitambaa safi ili lisitoke. Isipowezekana, litie katika maziwa baridi. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate katika kikombe, nalo jino litiwe humo. Maji matupu si mazuri kwa chembe zile, lakini ni afadhali kuliko kuliacha likauke.

Kisha mpelekeni mtoto kwa daktari pasipo kukawia. Yeye atalifunga jino pamoja na jirani zake kwa majuma 2 hivi, ataangalia kama yahitajiwa sindano ya pepopunda, na atauangalia mzizi kwa muda mrefu. Lakini jino la utoto lisirudishwe kamwe, maana laweza kuliumiza jino la ukubwa linalokua chini yake. Na mtoto aliyezimia apelekwe hospitali kwanza, jino litafuata.

Daktari wa meno aweza kuwa mbali, na maziwa yaweza kukosekana nyumbani. Lakini mate hayanunuliwi, na zile dakika za kwanza zimo mikononi mwa yeyote aliye karibu na mtoto.